Maswali ya wasomaji: Bango kubwa lahitaji picha ya pikseli ngapi?

SWALI: Kwaya yetu hapa Kondele inataka kuchapa bango la A1 la kutangaza tamasha. Picha nilitumiwa kwa WhatsApp. Duka la kuchapa liliikataa, likadai dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Niliibadilisha kwa kompyuta ikasoma 300, wakaikataa tena. Nifanyeje? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Walifanya vyema kuikataa, ingawa hiyo 300 imezidi mahitaji yako. Namba uliyobadilisha huiambia mashine tu ibane pikseli ngapi (nukta za rangi zinazounda picha) katika inchi moja. Haiongezi pikseli hata moja. Na ikiwa programu iliikuza picha, ilikisia rangi za pikseli mpya kutoka kwa zile jirani. Ndiyo maana nywele na kope hutoka kama zimepakwa nta.

Piga hesabu mwenyewe. A1 ni milimita 594 kwa 841, yaani inchi 23.4 kwa 33.1. WhatsApp, kwa njia ya kawaida, huipunguza picha hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu. Gawanya kwa 33.1, unapata 48 kwa inchi: picha itapasuka, na anayepita karibu ataona vijisanduku kwenye nyuso za waimbaji. Faili asilia ya simu ya megapikseli 12 ina 4000 kwa 3000, nayo inakupa 120.

Je, 120 inatosha? Chukua 8700, namba inayotokana na ukali wa jicho la kawaida, ugawanye kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita. Aliye mita 1 kutoka ukutani anahitaji 87 tu. Jarida lililo sentimita 30 kutoka machoni linahitaji 290, na hapo ndipo 300 ina maana.

Kwa hiyo mwombe mpiga picha faili asilia, aitume kama hati au akupe kwa flashi. Hata ukichagua HD kwenye WhatsApp, picha bado hubanwa. Umbo la A1 ni jembamba kuliko picha ya simu, hivyo ile 3000 itakatwa hadi 2828 hivi, hilo halidhuru. Kinachodhuru ni kumkata mwimbaji mmoja kutoka picha ya kundi na kumjaza bango zima. Hesabu pikseli zilizobaki baada ya kukata.

Maandishi usiyaunganishe na picha. Yaandike katika programu ya kupanga kurasa, utoe PDF, herufi zibaki kali kwa ukubwa wowote. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu.

Kabla ya kulipa, kata kipande chenye uso, kikiwa katika ukubwa kamili wa bango, ukichape kwenye A4, ukibandike ukutani na usimame mita moja. Kioo cha simu ni kidogo mno kukuonyesha kasoro hizi.

SWALI: Bango la duka langu ni mita 3 kwa 1, la kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa dpi 300 kompyuta inakwama. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwa 300, upande mrefu ni zaidi ya pikseli 35,000, mzigo wa bure. Aliye mita 5 anahitaji 17 tu. Weka 60, yaani takriban 7090 kwa 2360, ili hata anayekaribia mlango aone vizuri. Nembo iwe ya vekta (mchoro usiopoteza ukali ukikuzwa), na uache sentimita 5 tupu pembeni pa kukunja na kutobolea ringi za kamba.