Una kigugumizi na umeitwa kwenye usaili? Waambie mapema

Kijana mmoja wa Makambako ameniandikia. Amevuka mchujo wa maandishi, sasa ameitwa Dodoma kwenye mahojiano ya ana kwa ana, na anafikiria asiende kwa sababu ana kigugumizi. Mdogo wangu, nenda.

Mimi ninacho tangu utotoni, na leo ni mhasibu hapa Mbeya. Jina langu la ukoo linaanza na Mwa, kama ya wengi huku kwetu, na hiyo M ndiyo inayonibana kuliko herufi zote. Neno jingine likigoma unatafuta mbadala, lakini jina lako utalibadilisha na nini? Kwenye usaili mmoja nilikwama hapo hapo, midomo imefunga, mama mmoja wa jopo akalisoma kwenye karatasi akanimalizia. Mwenzake akacheka. "Kunywa maji kwanza utulie." Nilikuwa nimetulia! Miaka imepita na kicheko kile bado kinaniuma.

Usaili ulionipa kazi niliufungua hivi: "Shikamooni. Nina kigugumizi, nitakwama mahali. Naomba mnisubiri nimalize, majibu ninayo." Mwenyekiti akasema muda upo. Nilikwama, tena sana, kwenye "mapato na matumizi", lakini sikuwa na siri ya kulinda. Kinachotumaliza nguvu ni kuficha.

Mazoezi fanya mbele ya watu. Ukiwa peke yako chumbani ulimi unateleza tu, wengi wetu tuko hivyo, kwa hiyo kioo kitakudanganya. Mimi niliwakalisha binamu zangu Uyole wanihoji kwa ukali, na kwenye daladala za Mwanjelwa nilitaja kituo changu kwa sauti hata konda akinikodolea macho.

Na tuache kuinamisha vichwa, ndugu zangu. Kigugumizi si woga wala uhaba wa akili. Kinahusiana na jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hupita katika ukoo. Takriban mtu mzima 1 kati ya 100 anacho. Joe Biden alihangaika nacho tangu utotoni, akawa rais wa Marekani. Anayekucheka hajui kazi yako, wewe unaijua. Jibu mpaka mwisho, usikubali kumaliziwa.

Wewe wa Makambako, safiri siku moja kabla ulale vizuri, maana mimi nikichoka hukwama zaidi. Na usiniandikie tena ujumbe. Nipigie simu jioni hii, tuanze na jina lako.