Mmeelewa? Ndiyooo! Halafu mtihani unakuja

Walimu wenzangu tuongee ukweli. Ukimaliza mada ukauliza darasa "mmeelewa?", wote wataitikia ndiyo, hata yule aliyekuwa anachora katuni nyuma ya daftari. Lile itikio halikwambii chochote, mi siku hizi siulizi kabisa. Nafuta ubao, namchagua mwanafunzi wa kawaida, sio yule kipanga wa kila siku, namwambia mweleze jirani yako hiki kitu kwa maneno yako na notsi umefunga. Hapo ndo unajua kama kuna kitu kimeingia kichwani au ulikuwa unawasomea tu kwa sauti.

Kuna profesa wa fizikia pale Harvard anaitwa Eric Mazur, wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa maswali magumu vizuri tu na yeye wanamsifia kwamba anafundisha vizuri. Mwaka 1990 hivi akawapa maswali mepesi yasiyo na hesabu, mfano lori zito likigongana na gari dogo, lipi linamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Jibu ni kwamba nguvu ziko sawa, ni kanuni ya tatu ya Newton ambayo wote walikuwa wanaiimba, lakini wengi wakachemka. Ila kilichonigusa zaidi ni mwanafunzi mmoja aliyemuuliza, nijibu kama ulivyotufundisha au kama ninavyofikiri mwenyewe?

Hebu lisome tena hilo swali. Huyo kijana ana akili mbili, moja ya mwalimu ya kufaulia na nyingine yake ya kuishi nayo, na kufundisha kwingi kunaishia kwenye ile ya kwanza, mtihani ukiisha inafutika. Mazur akabadilika, akawa anatoa swali, kila mtu anajibu peke yake, halafu anabishana na jirani mwenye jibu tofauti, kisha wanajibu tena. Nimeijaribu, makelele yapo na anayepita nje atadhani darasa halina mwalimu, lakini mtoto akishindwa kumshawishi mwenzake anagundua mwenyewe pale anapokwama, hahitaji mimi kumwambia.

Kingine ni kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani, miaka ya 1970, alikuta walimu wengi wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu ndo wanarukia mtu mwingine au wanajijibu wenyewe, na wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu na wale wa "sijui" wanapungua. Sekunde 3 ni kidogo ukisoma hapa, ila ukiwa mbele ya darasa limekutolea macho ni ndefu mno. Vumilia, usijijibu.

Kusahihisha pia. Nikiandika maksi na maoni kwenye karatasi moja wanaangalia maksi, wanaulizana umepata ngapi, basi. Kwahiyo kazi za kila wiki narudisha na maoni tu, maksi nabaki nazo kwenye rejista yangu. Wanalalamika sana lakini wanasoma.

Najua mtasema silabasi ni ndefu na mkuu anataka imalizike, na ni kweli, sidanganyi mtu kwamba haya yote yanawezekana kila kipindi. Mi nachagua zile dhana chache zinazobeba mada nzima, hizo ndo nazing'ang'ania, mengine napita haraka. Na kukariri sio dhambi jamani, jedwali la kuzidisha kariri tu, huwezi kufikiri vizuri huku unahesabu 7 mara 8 kwa vidole.

Halafu wale wanaouliza "mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?" msiwagombeze, sisi ndo tumewazoesha. Mi huwa najibu ndiyo itatoka, ila kwa sura ambayo hujawahi kuiona, na kweli nikikaa kutunga nalitunga hivyo.