Mkanda wa mbwa mkubwa wa manyoya anayevuta sana
Kaka chukua wa kifuani wenye pete ya kamba MBELE, sio mgongoni, maana akivuta kamba inamgeuza upande wako nguvu inakata, ya mgongoni inamwachia kifua chote avutie, ndo maana mbwa wa kuvuta sleji (kigari cha kuteleza) kule kwenye theluji kamba yao inafungwa nyuma. Huyo wako ana manyoya mengi, kwa hiyo mpime ukiyafunua mpaka ngozi, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, vidole viwili vipite chini ya mkanda, ukipima juu juu utalegea achomoke barabarani. Kagua na kwapani, manyoya yanajisokota pale na kwa joto letu hapa Mtwara vidonda haviko mbali, mvue mkirudi tu nyumbani. Ila mkanda peke yake haumfundishi, akivuta we simama mpaka kamba ilegee.