Jibu: Zebra bila trafiki, dereva asimame?
Ndugu yangu, umeuliza kama dereva analazimika kusimama kwenye zebra hata pasipo na trafiki. Analazimika. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka ampishe aliyekwishaingia kwenye kivuko, na gari la mbele likisimama hapo, wa nyuma haruhusiwi kulipita. Hapo ndipo bodaboda wetu wanapokosea. Juzi hapa Mwanga, Kigoma, daladala ilisimama, mama mwenye beseni la dagaa kichwani akaanza kuvuka, mara pikipiki ikachomoka ubavuni. Dagaa zote chini, mama kashika kanga yake anatetemeka. Iliniuma sana. Na sisi wa miguu tusijitupe ghafla: inua mkono, mtazame dereva, akishasimama ndipo uvuke.