Kubana video za DVD: shughulikia mistari kabla ya kufikiria ukubwa wa faili

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kwa nini video za harusi ulizozitoa kwenye DVD zinatokeza mistari ya mlalo kila mtu anapojongea, na kwa nini faili moja inakuwa kubwa maradufu ya nyingine ilhali mipangilio ni ileile. Nimekuwa nikihamisha rekodi zangu na za jamaa zangu kwa muda mrefu, na kwa ninavyoona tatizo lako haliko katika programu uliyoichagua.

Kabla ya yote, nakili diski nzima kwenye kompyuta, kisha ufanye kazi na nakala hiyo. Ukiifungua utakuta folda ya VIDEO_TS yenye faili za VOB (zenye picha na sauti), ambazo hakuna inayozidi GB 1, kwa hiyo rekodi ndefu hukatwa vipande hata katikati ya sentensi ya msemaji. Usibane kipande kimoja kimoja. Ipe programu folda yote, kwa maana mpangilio wa sura (sehemu za video) na sauti umehifadhiwa katika faili ndogo za IFO zilizo humo humo. Ukiziruka, sauti huweza kuachana na midomo pale vipande vinapoungwa. Nazungumzia rekodi zako mwenyewe. Diski za filamu za kununua huwa na kufuli, HandBrake (programu ya bure ya kubana video) haifungui kufuli hiyo, na sheria kuhusu jambo hilo hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Sasa tuje kwenye mistari, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Video ya DVD kwa kawaida hubanwa kwa MPEG-2, njia ya zamani ya kubana video, ikiwa na pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde katika PAL (mfumo wa televisheni uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika), au 720 kwa 480 na fremu zinazokaribia 30 katika NTSC (wa Marekani na Japani). Kamera nyingi za zamani zilirekodi kila fremu kwa nusu mbili: moja ina mistari ya namba witiri, nyingine ya namba shufwa, na katika PAL nusu hizo hupishana kwa sehemu ya 50 ya sekunde. Televisheni za kale zilizionyesha kwa zamu, lakini skrini ya kompyuta huziweka pamoja kwa mara moja, ndiyo maana mkono wa bibi harusi anayepunga huonekana una ukingo kama meno ya kitana. Ukibana bila kuzitenganisha nusu hizo, meno hayo huwa sehemu ya picha na hayatoki tena kwa urahisi, na isitoshe programu hutumia data nyingi kuyahifadhi. Kwa hiyo washa kichujio cha kuondoa mistari. Katika HandBrake mimi hutumia vichujio vya Yadif au Bwdif. Kwa vipande vya ngoma huchagua namna ya Bob, ambayo hugeuza kila nusu kuwa fremu kamili, ukapata fremu 50 kwa sekunde na mwendo laini kama ulivyokuwa kwenye televisheni. Faili huongezeka kiasi, lakini kwa watu wanaocheza naona inastahili.

Kuhusu ukubwa, acha kulenga idadi fulani ya MB. Chagua ubora usiobadilika, ule unaowekwa kwa namba ya RF, ambapo namba ndogo maana yake ni ubora zaidi. Kwa picha za DVD, kati ya 18 na 22 panatosha, nami huanzia 20. Kwa njia hii hotuba iliyorekodiwa kamera ikiwa imetulia hutoka ndogo, na sherehe ya usiku yenye chengachenga nyingi hutoka kubwa, kwa sababu ina mengi ya kuhifadhi. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili, wala si hitilafu. Upande wa kodeki, yaani njia ya kubana video, H.265 hubana zaidi, lakini vifaa vya zamani haviimudu, na kwa kuwa faili za DVD ni ndogo tangu mwanzo, mimi nimebaki na H.264. Kubana kwa kadi ya picha ni haraka mno, ila kwa ubora uleule mara nyingi faili huwa kubwa zaidi. Ni afadhali prosesa ifanye kazi taratibu usiku kucha. Kuikuza picha hadi pikseli 1080, kwa maoni yangu, ni kuongeza uzito tu.

Sauti ya AC-3, aina inayotumika sana kwenye DVD, ipitishe kama ilivyo. Manukuu ya DVD ni picha, si maandishi, kwa hiyo ukiyahitaji tumia faili ya aina ya MKV badala ya MP4. Uwiano wa picha uachie programu, kwani pikseli za DVD si za mraba na ukilazimisha vipimo nyuso zitabonyea.

Jaribu kwanza sura moja yenye mwendo mwingi, uitazame kwenye televisheni itakayotumika, ndipo uendelee na zilizobaki. Nakala ya VIDEO_TS usiifute kabla ya kuitazama faili mpya hadi dakika za mwisho: DVD huandikwa kuanzia ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwashikwa na kukwaruzwa zaidi.