Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ile Namba ya Ruzuku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imefika pamoja na rasimu ya makala. Unaniuliza kama uiweke kwenye aya ya shukrani ile namba ya ruzuku anayoing'ang'ania msimamizi wako: ruzuku yake nyingine, ambayo haikugharamia kazi hii, ila muda wake unakwisha, ripoti inadaiwa, na makala ya kuonyesha hana. Ukiiweka, unasema, utakuwa umeandika uongo. Usipoiweka, utamvunja moyo mtu aliyekushika mkono tangu shahada ya uzamili.

Nitakujibu. Lakini nimeisoma hiyo aya, na jicho langu halikwenda kwenye namba. Nimeona wafadhili wawili. Nimeona kituo cha kompyuta kuu. Nimeona wahakiki, ambao hata majina yao huyajui, wakishukuriwa kwa maoni yao. Aliyekata vile vipande vyembamba vya tishu vilivyozaa picha zako zote sikumwona. Darubini nayo, ile ya kukuzia vitu vidogo, imetajwa kule kwenye sehemu ya mbinu, jina la mtengenezaji na modeli, kana kwamba ilijiendesha.

Kilichokubeba kitaje. Neno hili mmelisikia tangu wadogo, mkawa hata mnaniigiza sauti, na marehemu baba yenu alikuwa akinicheka. Sijaliacha.

Shangazi wa Darubini unamkumbuka, yule fundi wa kituo chetu cha darubini kazini. Mlizoea kumwona kila sikukuu, kisha akahama, nasi tukawaambia kapata kazi kwingine. Mlikuwa watoto, hatukuwaeleza zaidi. Darubini ile ya elektroni ilinunuliwa kwa ruzuku, na mshahara wake ulitoka kwenye ruzuku hiyohiyo. Ulipofika wakati wa kuomba awamu ya pili, mfadhili alitaka orodha ya makala zilizotokana na mashine. Tukatafuta kwa jina la kituo, tukatafuta kwa namba ya ruzuku. Zilizojitokeza zilikuwa chache mno. Na huku daftari la matumizi limejaa: tarehe, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, aina ya sampuli, na pembeni mwandiko wake yeye: "kisu cha almasi kimebadilishwa", "huyu arudi Jumatatu, resini (gundi ya kushikia tishu ikatwe) haijaganda vizuri".

Basi akaketi na rundo la majarida, akawa anafungua makala moja baada ya nyingine na kuzitambua picha zake. Alizijua. Vipande vyake havikuwa na michirizi ya kisu, na mstari wa kipimo aliuweka chini kulia, siku zote. "Hii yangu," anasema, anavuta daftari, tarehe zinaafikiana. "Na hii." Kisha anakwenda ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani: mfadhili fulani, mfadhili fulani, mke wa mwandishi kwa uvumilivu wake. Yeye hayumo. Kituo hakimo. Namba ya ruzuku iliyoleta mashine haimo.

Tuliambatisha orodha yake kwenye ombi. Jibu likaja kwamba mchango wa kituo haukuthibitika katika machapisho. Mashine ikabaki, nafasi yake ya kazi ikafutwa. Nikawauliza wale waliokuwa wakimgongea mlango jioni awaokolee sampuli zao kwa nini hawakumtaja, na mmoja akanijibu bila kunitazama: "Sisi tulilipa ada ya saa." Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo usingizi hunipaa.

Ni kweli walilipa. Hapo huwa najibishana na nafsi yangu. Mtu akishapewa mshahara, anadai shukrani ya nini tena? Fundi umeme aliyehakikisha jengo halizimiki naye tumtaje? Mlinzi je? Nikifika hapo nakwama kidogo, kisha nasema hapana, kuna tofauti. Umeme ungewaka vilevile hata kama kusingekuwa na utafiti. Kile kipande cha tishu kilihitaji mtu wa kuamua kikatwe wapi, kwa unene gani, na kipi kitupwe. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeligusa suala hili: anayetafuta fedha tu, anayesimamia kundi kwa jumla, anayesaidia lugha, hawi mwandishi kwa hayo peke yake, bali hushukuriwa. Na wahariri wanahimizwa kudai kibali cha maandishi kwa wanaotajwa, maana msomaji akiona jina anaweza kudhani mwenyewe ameyaridhia matokeo. Kwa hiyo hata kushukuru kuna wajibu wake. Mwombe kwanza.

Siku moja fungua ile makala ya Watson na Crick ya tarehe 25 Aprili 1953 katika Nature, ile ya umbo la DNA. Ni fupi. Nenda moja kwa moja aya ya mwisho. Sentensi ya kumalizia inasema kwamba Watson alisaidiwa na ufadhili wa National Foundation for Infantile Paralysis: jina kamili, hakuna utata. Juu yake kidogo wanasema kwamba walichochewa na kufahamu kwa jumla matokeo na mawazo ambayo hayajachapishwa ya Wilkins, Franklin na wenzao wa King's College, London. Kwa jumla! Watson alikuwa ameonyeshwa picha ya eksirei ya DNA iliyopigwa katika maabara ya Franklin, na vipimo vya Franklin Crick alikuwa amevisoma katika ripoti. Mfadhili amelipwa shukrani yake taslimu, Franklin kapewa ukungu. Nami huwa najiambia kwamba angalau wametaja. Halafu najiuliza, kutaja namna ile kumemsaidia nani?

Au Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani huko Marekani. Seli zake zilichukuliwa mwaka 1951 hospitalini Baltimore, naye hakuulizwa. Zikaenea maabara za dunia nzima kwa jina la HeLa. Ilikuwa 2013 ndipo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipopatana na familia yake kwamba anayetumia taarifa za jenomu ya seli hizo (maelezo yote ya urithi yaliyomo ndani yake) kupitia hifadhi yao aiombe rasmi, na akichapisha amshukuru yeye na familia yake. Miaka 62, mwanangu, ili sentensi moja ipate mahali pa kukaa.

Sasa turudi kwenye namba yako, najua unaisubiri. Zamani aya ile ilisomwa na rafiki na jamaa. Siku hizi inasomwa na mashine. Web of Science, hifadhidata ya makala za kisayansi, ilianza kuzikusanya taarifa za ufadhili mwaka 2008, na tangu 2013 Crossref, shirika linalosajili makala za kitaaluma, inapokea kutoka kwa wachapishaji majina ya wafadhili pamoja na namba za ruzuku. Ukishaiandika, namba ile inatoka mikononi mwako. Itahesabiwa, itaingia kwenye jedwali la mtu anayeamua nani apewe tena na nani anyimwe. Jedwali la namna hiyo ndilo lililomtoa Shangazi kazini kwa kuwa hakuandikwa alipostahili. Ukiandika kisichostahili, nafasi ile inatoka kwa mwingine ambaye humjui, mwenye daftari lake lililojaa.

Unaona ninakoelekea, na ulimi unaniwasha kulimaliza. Lakini sitakuamulia. Makala ina jina lako, na simjui msimamizi wako kama unavyomjua wewe. Huenda pia nina hasira za zamani zinazonifanya nimwone vibaya mtu mwenye shida ya kweli. Ruzuku yake ikikatika, pengine naye ana fundi atakayeondoka. Hilo limenisumbua tangu nilipopata barua yako.

Basi muulize kwa upole: ruzuku hii ililipia nini hasa katika kazi hii? Labda kuna friza, labda ni mshahara wa yule mwanafunzi aliyezikuza zile seli mwanzoni, na wewe hukuambiwa. Ikiwa lipo jambo, liandike kwa jina lake: ruzuku namba kadha ilinunua kitu kadha. Akikosa la kutaja, mtakuwa mmelisikia wote wawili. Soma pia mkataba wa ruzuku zako mwenyewe, maana wafadhili wengi wana sentensi yao wanayotaka inakiliwe neno kwa neno, na baadhi ya vituo vya darubini vina yao vilevile.

Na huyo aliyekukatia vipande, mwandikie leo. Uliza anapenda jina lake liandikwe vipi, na namba ya ruzuku iliyonunua ile mashine ni ipi. Hilo halihitaji kungoja uamuzi wa msimamizi. Ukiwa tayari nitumie aya nzima niione kabla hamjaituma jaridani.

Kaka yako anakusalimu.

Mama yako