Re: Kisima kinageuka chumvi watalii wakijaa

Salamu ndugu. Umesema kisima cha nyumba yako ya wageni hapo kisiwani kinageuka chumvi kila msimu, na unataka kukichimba zaidi. Usichimbe! Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kisiwani hukaa juu ya maji ya bahari ardhini. Ukishuka unaifuata chumvi yenyewe.

Anza na pampu, maana ukivuta kwa nguvu chumvi ya chini hupanda. Mimi nilikuwa navuta kwa pupa kila asubuhi, mpaka wageni wakalalamika sabuni haitoi povu. Nikahamia kuvuta kidogo kidogo usiku kucha hadi tangi lijae, chumvi ikapungua.

Kisha kagua shimo la choo, majitaka yasije yakaingia kisimani. Kisiwa cha Boracay, Ufilipino, kilifungiwa watalii miezi 6 mwaka 2018 kwa ajili ya majitaka. Na bwawa la kuogelea? Linakula maji mengi, lisubiri kwanza.